Marejeo ni Ngamani: Mwongozo wa Kufaidi Safari ya Meli Ndogo

Shangazi yangu wa Mafia amevuka bahari kati ya Nyamisati, bara, na Kilindoni, kisiwani, mara nyingi kuliko mimi nilivyopanda daladala. Amesafiri juu ya magunia ya mchele, ubavuni mwa mbuzi, chini ya turubai, na safari moja, anasema, alikalia jeneza tupu kwa kuwa ndilo lililokuwa kavu. Nilipomweleza kwamba kuna watu hulipa maelfu ya dola wapande chombo kidogo, wayumbishwe siku kumi na mbili, kisha washushwe kwenye maji ya magoti viatu vikiwa mkononi, alinitazama kwa huruma.

"Mwanangu," akasema, "hao hawana jamaa wa kuwakataza?"

Hawana, bi shangazi. Wana wakala wa safari.

Kwa miaka mingi fahari ya utalii wa baharini ilikuwa ukubwa. Icon of the Seas, iliyoanza kazi Januari 2024, ina urefu wa mita 365, na ikijaa hubeba abiria zaidi ya 7,000. Hiyo ni wilaya inayoelea, imepungukiwa mkuu wa wilaya tu. Basi wenye fedha zaidi wakachoka na foleni za wilaya, wakaanza kulipia kinyume chake: meli ya watu mia moja au mia mbili, haina kasino wala mtelezo wa maji, ila inapenya pale ambapo ile kubwa ingekwama kama ng'ombe kwenye mlango wa banda la kuku. Wana hoja. Kule Antaktika, kwa taratibu za mkataba unaolilinda bara hilo, meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu, na hawatakiwi kuwa nchi kavu mahali pamoja zaidi ya wageni 100 kwa wakati mmoja. Huku kwetu nako, Aldabra ya Ushelisheli na Kilwa Kisiwani hakuna gati la kufunga meli ya namna hiyo. Ama ushuke kwa boti, ama utazame kwa darubini.

Mimi nilipanda moja ya hizo meli ndogo kutoka Mahé, Ushelisheli, hadi Unguja. Sikulipa. Wenye meli walihitaji mtu wa kuwasimulia wageni habari za miji ya kale ya Waswahili, na aliyekuwa ameahidi kazi hiyo akaugua. Nikanunua shati jeupe. Haya ndiyo niliyojifunza, nayatoa kwa bei ileile niliyopandia.

1. Chagua chumba kwa methali, usichague kwa picha

Kijitabu cha meli kitakuonyesha chumba cha juu kabisa, mbele kabisa, chenye kioo kipana kama cha duka la sofa. Bei hupanda kadiri unavyopanda ngazi. Hakikwambii kwamba meli katika mawimbi ni bembea ya ubao: anayekaa ncha ndiye anayerushwa, anayekaa katikati hutazama wenzake. Na anayekaa juu huyumba zaidi ya anayekaa chini, kama yule aliye kileleni mwa mnazi.

Wahenga wetu hawakuchapa vijitabu, lakini walisema: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Walikuwa na maana zao nyingine, lakini mtu aliyewahi kusafiri baharini atakwambia hilo ni tangazo la vyumba. Tezi ni nyuma, omo ni mbele, ngama ni chini katikati. Huko ndiko kwenye kidirisha kidogo cha duara, na huko ndiko kwenye bei nafuu. Bahari ina haki zake.

Mimi kwa heshima ya shati langu nilipewa chumba cha mbele, juu. Usiku wa kwanza nilikwenda tezi, nikaenda omo, nikarejea ngamani, na ngama yenyewe ilikuwa ndoo.

Ukiambiwa meli ina mapezi ya kutuliza mrama, furahi, lakini kwa kiasi. Mapezi mengi hufanya kazi meli ikiwa katika mwendo, maana yanahitaji maji yapite kasi juu yake. Ikitia nanga, nayo hukunja mikono kama mgambo wa soko aliyeona bosi wake ameondoka.

2. Meza dawa ukiwa bado shujaa

Kila meli ina abiria anayetangaza, bandarini, kwamba yeye bahari haimwezi. Msikilize kwa adabu, kisha usikae karibu naye wakati wa chakula cha jioni.

Kichefuchefu cha bahari si udhaifu wa moyo. Sikio la ndani linasema unayumba, jicho linalotazama ukuta wa chumba linasema umetulia, na ubongo, kama mzee wa baraza aliyeletewa mashahidi wawili wanaopingana, unaamua kufukuza kila mtu, ukianza na chakula cha mchana. Dawa hufaa kabla ya kesi kuanza. Vidonge humezwa mapema. Ile plasta ya nyuma ya sikio hubandikwa saa kadhaa kabla ya kung'oa nanga, baada ya kumwona daktari, na ukiigusa nawa mikono kabla ya kugusa jicho, usije ukashinda siku nzima umekodoa kama bundi. Tangawizi nayo inawasaidia wengi, na hii ndiyo dawa pekee melini ambayo shangazi anaitambua.

Ukishachelewa, toka nje, simama katikati ya meli, tazama mstari ule bahari inapokutana na mbingu. Usitazame simu. Na usiwe shujaa wa karamu ya kukaribishwa. Kwenye meli yetu sahani ya kwanza waliila wote, ya pili nusu yao, ya tatu wakaila wahudumu kule jikoni, na nadhani ndivyo walivyokusudia tangu mwanzo.

3. Uliza upepo, usiulize joto

Wageni wote huuliza nyuzi ngapi. Joto la bahari yetu halina habari mpya. Uliza upepo. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, kusi huvuma takriban Mei hadi Septemba na huchafua bahari zaidi, na katikati yao kuna maleleji, upepo usiojua unataka nini, ambapo bahari mara nyingi hulala. Majahazi yaliyokwenda Arabuni na Bara Hindi yalipanga maisha kwa kalenda hiyo: ukikosa upepo wa kurudi, umepata mwaka wa kukaa ugenini, na wengine wakapata na mke.

Ongeza na hili: kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi msimu wa vimbunga ni Novemba hadi Aprili. Kimbunga Kenneth kilipita Komoro Aprili 2019, na Chido kikaivunjavunja Mayotte Desemba 2024. Kwa hiyo nahodha akisema kesho hatushuki, usimletee programu ya hali ya hewa iliyo kwenye simu yako. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ratiba ya meli ndogo ni nia njema iliyopigwa chapa, na anayeichukua kama mkataba atashinda dawati la mapokezi akidai kisiwa chake.

4. Nenda kwenye mazoezi ya dharura

Hapa kejeli inapumzika kidogo.

Honi saba fupi na moja ndefu: hiyo ni ishara ya hatari katika meli za abiria duniani kote. Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, Januari 2012, watu 32 walikufa, na mamia ya waliokuwa wamepanda siku hiyohiyo walikuwa hawajafanyishwa mazoezi. Baada ya hapo kanuni za kimataifa zikabadilishwa: mazoezi yafanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka.

Sisi hatuhitaji kwenda Italia kujifunza. MV Spice Islander I ilizama Septemba 2011 ikielekea Pemba, ikiwa imejaza watu kupita kiasi. MV Skagit ikafuata Julai 2012, karibu na Chumbe. Mamia ya watu wetu hawakurudi. Kwa hiyo ukiona wageni wanapigana picha na jaketi za kujiokolea huku baharia anaeleza namna ya kuzifunga, wewe msikilize baharia. Hesabu milango kutoka chumbani kwako hadi ngazi, maana taa zikizima utahesabu kwa vidole. Kisha kejeli iendelee.

5. Jifunze kushuka majini kama watu

Kilele cha safari hizi ni kile ambacho watu wa visiwani walikuwa wakikifanya kila wiki na kukiita shida. Boti ya mpira inakaribia ufuko, injini inainuliwa, na bilionea mstaafu anaambiwa aingize miguu majini. Katika ratiba jambo hili limeandikwa kwa herufi nzito, kama zawadi.

Kanuni ni chache. Mpe baharia mkono, lakini mshikane vifundo, wewe wake na yeye wako, si viganja. Kiganja chenye maji na mafuta ya jua huponyoka kama kambare. Keti kwenye ubavu wa boti, sogea kwa makalio, ngoja wimbi lipite, pindua miguu upande wa nje, shuka. Usisimame. Usiruke. Mikono yote miwili iwe mitupu, mzigo uwe mgongoni katika mfuko usiopitisha maji.

Niliyasikia yote hayo, nikayakariri hata kwa moyo, kisha nikasimama, kwa kuwa mtoto wa pwani hafundishwi maji. Nilikuwa nimekumbatia kompyuta yenye picha zangu zote za magofu ya Husuni Kubwa, kule Kilwa. Jioni ile nilitoa mhadhara bila picha, nimevaa suruali ya fundi wa mitambo.

Nilimsimulia shangazi. Akasema zamani, kabla ya gati la Kilindoni kujengwa, yeye alishuka na mtoto mgongoni, ndoo ya samli kichwani na ndara kwapani, na hakulowa juu ya goti. Akaniuliza kama mimi nilikuwa na ndoo. Nikasema sikuwa nayo. Akanyamaza, na kunyamaza kwake nilikusikia mpaka Dar es Salaam.

6. Mbele ya kobe, kuwa mdogo

Ukifika Aldabra utafanyiwa ukaguzi ambao hujafanyiwa uwanja wowote wa ndege. Hawatafuti bunduki. Wanatafuta mbegu: kwenye soli, kwenye mikunjo ya soksi, kwenye ile mikanda ya viatu inayonatana, ambako mbegu hujificha kama chawa. Watakusafisha kwa brashi na mashine ya kuvuta vumbi. Usinung'unike. Kisiwa hicho kiko zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Mahé, kimeingizwa katika Urithi wa Dunia tangu 1982, na kina kobe wakubwa zaidi ya 100,000, idadi ambayo huipati mahali pengine popote duniani. Kuna pia ndege mdogo asiyeruka, wa mwisho wa namna yake katika Bahari ya Hindi. Amekaa pale bila magugu ya bustani yako, na angependa iendelee hivyo.

Mwenye ratiba pale ni maji. Bahari huingia na kutoka kwenye wangwa wake kupitia milango michache, kwa nguvu za mto uliofurika, na boti huingia na maji yakijaa. Ukiambiwa ni saa kumi na moja alfajiri, ni saa kumi na moja alfajiri. Kwenye meli kubwa ungesubiriwa, au kwa hakika usingekumbukwa. Kwenye meli ndogo watu mia wamekaa kwenye boti wakijua jina lako na namba ya chumba chako.

7. Mgeni siku mbili

Hapo ndipo penye siri ya udogo. Siku ya kwanza unapenda kwamba kila mtu anakusalimu. Siku ya nne unagundua kwamba kila mtu anakusalimu. Hakuna pa kujificha. Yule bwana wa Hamburg aliyekusimulia upasuaji wa goti utamkuta maktaba, utamkuta kwenye ngazi, na utamkuta kwenye boti, goti lake likiwa limegusana na lako.

Tumia akili ya uswahilini. Badilisha meza kila jioni kabla viti havijapata wenyewe. Usiweke taulo kwenye kiti cha jua kama anayepima kiwanja. Umbea usambaze polepole, maana njia ni fupi na utarudi kwako kabla ya kahawa. Na ikiwa umesafiri peke yako, usishangae kudaiwa nyongeza ya nusu ya nauli, au zaidi, kwa kosa la kitanda cha pili kutolaliwa. Uliza mapema kama kuna vyumba vya mtu mmoja. Vipo, vichache, na huko ngamani.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Meli haina majembe, lakini ina mabaharia, na wao ndio wenye safari. Jifunze majina yao. Anayekutandikia kitanda anajua nyangumi walionekana upande gani, na anayeosha sitaha anajua bahari ya kesho. Bakshishi huwekwa mwisho, mara nyingi kwenye sanduku moja la wote. Itenge kwenye bajeti kabla ya safari, usije ukaanza kuhesabu thamani ya tabasamu usiku wa mwisho.

8. Angalia pasipoti kabla ya kuangalia nyota

Ushelisheli kwa kawaida haiwadai wageni viza, na hilo linaweza kukudanganya kwamba bahari yote ni yako. Kisha meli inafika Mayotte.

Mayotte, au Maore kama wenyewe wanavyoiita, ni kisiwa cha Komoro ambacho tangu 2011 ni mkoa kamili wa Ufaransa. Lugha yao ni ndugu ya Kiswahili; ukisikiliza vizuri utaokota neno hapa na pale kama anayeokota madafu ya jirani. Siku hiyo nilikuwa na mhadhara mzuri juu ya udugu wa visiwa hivi na mwambao wetu. Wageni walinipigia makofi, wakashuka wote kwenda kuuona udugu huo. Mimi nikabaki sitahani. Pasipoti yangu haikuwa na viza.

Kutoka pale hadi Nzwani, kisiwa kingine cha Komoro, ni takriban kilomita 70 tu. Tangu 1995 Wakomori nao hudaiwa viza kwenda kisiwa walichokuwa wakienda harusini, na wasioipata huvuka usiku kwa boti ziitwazo kwassa-kwassa. Si zote zinazofika. Hizo pia ni safari za chombo kidogo katika bahari ileile, nauli hulipwa mapema, na zoezi la dharura halipo. Kijitabu cha meli hakikuwa na ukurasa wake.

Ushauri wa kazi basi: omba viza ya kila kituo, hata kile ambacho kimeandikwa "ikiwezekana", na beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kama pasipoti yako ni ya upande ambao haudaiwi chochote, walau ukishuka ujue ni nani amebaki juu.

9. Ukifika kwetu, kumbuka si wewe wa kwanza

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 kwa upepo, akausifu mji, akaondoka. Vasco da Gama alitoka Lisbon 1497 na meli nne na watu takriban 170, idadi ya abiria wa meli ndogo moja ya siku hizi. Aliporudi 1502 aliitoza Kilwa kodi kwa nguvu za mizinga. Pwani hii imewapima wageni wa vyombo vidogo kwa miaka mingi, na inajua tofauti ya aliyekuja kusalimia na aliyekuja kuhesabu.

Kwa hiyo salimia. "Jambo" ni ya kwenye fulana, wewe jaribu "hamjambo", na mbele ya mzee, "shikamoo". Funika mabega na magoti. Kanga moja itafanya kazi hiyo, kisha itakuwa taulo, kivuli, shuka na mfuko wa kubebea kanga nyingine utakazonunua. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Nunua kitu kijijini, ule pale pweza, ulipe bila kukumbushia bei ya soko la kwenu. Kwenye meli umelipia kila kitu kabla, na hatari ya mtu aliyelipia kila kitu kabla ni kudhani amewalipia na wenyeji.

Kwa msomaji asiye na maelfu ya dola

Wewe ndiye niliyekuwa nikikuandikia. Uchache wa watu, ukaribu wa bahari, nahodha unayemwona kwa macho, jirani asiyekuacha, ratiba ya upepo na maji, miguu kulowa: yote hayo ndiyo yanayouzwa kwa bei ile, na yote unayapata Nyamisati kwa nauli ya wananchi. Wao wana shuka za pamba na daktari. Na kwa kweli wana jaketi za kutosha kila abiria, jambo ambalo hata kwa nauli ya wananchi lingetupasa kulidai kwa sauti kila mara tunapopanda.

Fika Nyamisati mapema. Hakikisha chombo hakijajazwa kupita kiasi, na kama kimejazwa, shuka, kesho ipo. Kisha kaa katikati, chini, karibu na magunia ya mchele. Ukikuta bibi mmoja amekwishalala hapo, kanga usoni, usimwamshe. Huyo ni shangazi.